Wewe mwenye IST yenye kope njia ya Goba, mate yako bado yako mlangoni kwangu

Mtu wa Pembeni (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika nikiwa bado ndani ya gari, nimeegesha hapa sheli, mikono inatetemeka. Wasimamizi naomba msiunganishe uzi huu na nyuzi zingine za barabarani. Huu una mambo yake.

Jina silitaji, na halina haja. Ukipita njia ya Goba asubuhi unamjua. Kama humjui umeshamsikia. Kama hujamsikia basi una matatizo ya masikio, na hata hivyo umemhisi kifuani. Toyota IST, plate ya njano, namba D, rangi ya ndizi iliyoivia upande mmoja. Na taa za mbele kazibandika KOPE. Kope wakuu! Ndefu, nyeusi, upepo ukipiga zinapepea kama anakukonyeza.

Sasa leo saa 1 na dakika 20, Tangi Bovu. Foleni imelala. Mimi nimekaa kwenye mstari wangu kama mtoto wa madrasa, sina neno na mtu. Nyuma nikasikia mashine ya kusaga na kukoboa inakuja. Nikajua ndiye. Anatanua kushoto, hazadi zinawaka. Mnajua kwake hazadi ni kibali, akishaziwasha anaweza kukatiza hata sebuleni kwako. Alipofika ubavuni mwangu akakutana na meza ya mama wa vitumbua, njia imeisha. Mtu mwenye akili angesimama. Yeye akachomekea. Indiketa hakuna, kuangalia hakuna. Krrrrrrrr. Kutoka mlango wa nyuma mpaka saiti mira.

Hapo nawaambieni ukweli sikukasirika. Gari ni chuma, chuma kinakwaruzwa. Nikashusha kioo nikisubiri neno moja tu, "samahani kaka".

Kashuka. Hakunisalimia. Kautazama mkwaruzo, urefu wa mkono wangu mzima. Kapeleka kidole gumba mdomoni. KAKITEMEA MATE. Kasugua mlango wangu.

Kasugua mlango wangu kwa mate, watu wa kwenye daladala wanaangalia. Halafu kanigeukia, "Bro, haijaingia kwenye rangi hii, paka dawa ya mswaki inatoka."

Wakati anasugua mimi nilikuwa naiangalia tairi yake ya mbele. Kipara, unaweza kujinyolea ndevu ukijitazama humo. Ubavuni imeandikwa 2312, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2012. Tairi ina umri wa mtoto anayejua kutongoza. Bampa limefungwa waya wa kujengea. Taa ya breki ya kulia imevunjika, pameviringishwa selotepu nyekundu. Gari limepandishwa kwa spesa mpaka linatembea kama mtu aliyevaa viatu vya dada yake. Nyuma moshi wa bluu, maana injini inakunywa oili kuliko mafuta, na juu ya moshi huo kuna SPOILA. Spoila ya kuanikia dagaa wa Mafia nzima! Pesa ya spoila ilipatikana, pesa ya pistoni ringi haijapatikana.

Kapanda gari lake, kapiga ile honi yake ya treni, kaondoka. Kioo cha nyuma kimeandikwa "Wivu hauna gereji".

Mate wakuu. Mate ya mtu mzima, saa 1 asubuhi, na hajapiga mswaki maana niliyaona.

Mzee wa Kulanti

Nimesoma mpaka mwisho natafuta kitu kimoja tu sijakiona. Mkuu, wewe unaendesha gari gani?

Mtu wa Pembeni

Gari si hoja hapa.

Bushi Kulia

Ni Toyota Raum. Anayesema "gari si hoja" siku zote ni Raum.

Mtu wa Pembeni

Ni Raum. Namba C. Na naitunza. Kwa hiyo Raum ndiyo ya kutemewa mate?

Bushi Kulia

Sijasema hivyo. Nasema huenda jamaa alikuwa anaiosha.

Shangazi wa Mbweni

Acheni kumcheka mwenzenu, huyo kijana namjua vizuri sana. Mwezi uliopita usiku alikuja mbele yangu na zile taa zake nyeupe, wallahi nilidhani nimeshafika mbele ya Muumba wangu, nikaanza kutaja madeni. Nikamwashia na kumzimia ashushe. Kumbe ndo ameshashusha! Akanipandishia. Sikuona barabara, sikuona usukani, nimesimama pale mpaka bodaboda akaja kunigongea kioo, "Mama uko salama?"

Fundi Asiye na Gereji

Shangazi ngoja nikueleze kwa nini. Taa ya IST kile kibakuli chake cha ndani kimechongwa kwa balbu ya kawaida ya uzi. Uzi unakaa sehemu yake, mwanga unagonga kibakuli unaenda chini barabarani. Wewe ukitoa ile balbu ukaweka LED ya elfu ishirini ya pembeni mwa barabara, chanzo cha mwanga kinahama, kibakuli hakijui kinapeleka wapi, kinatupa kila upande. Mwenyewe akiangalia ukutani anaona mwanga umejaa anafurahi. Barabarani haoni mbali zaidi ya zamani, ila wa mbele yake anapofuka. Kushusha hakusaidii kitu, hakuna cha kushusha.

Na hizo kope zinakata mwanga wa juu kidogo. Kwa kweli kope ndo kifaa pekee cha usalama alichonacho.

Mtu wa Pembeni

Asante Shangazi. Asante Fundi. Ila tusisahau mate.

Chapati Mbili Maharage

Bora wako alishuka. Mimi bodaboda kanivunjia saiti mira pale Mwenge, nikamfuata, akaniambia nimeegesha vibaya. Nilikuwa natembea.

Kijana wa Tabata

Hao boda wasikieni tu. Ila nyie hamjakutana na V8 nyeusi yenye vimulimuli, namba ya kawaida kabisa, si kiongozi, si msafara, si wagonjwa. Iko nyuma yako juu ya daraja la Kijazi pale Ubungo inawaka bluu na nyekundu, wote tunasogea tunabanana kwenye ukingo, tunajua kuna mkubwa anapita. Kioo kimeshuka, ni mtu anakula muhogo.

Chapati Mbili Maharage

Muhogo wa kuchoma au wa nazi?

Kijana wa Tabata

Wa kuchoma na pilipili. Na ganda alilitupia kwangu.

Mtu wa Pembeni

Jamani. Uzi ni wa mate. Kuna wanaosema kwenye PM kwamba nimetunga, mtu hawezi kutemea gari la mwenzake. Haya nawawekea picha ya mlango na nimepiga na dashibodi ili muone muda, ilikuwa dakika chache tu baada ya tukio.

*[picha 2]*

Mzee wa Kulanti

Mlango nimeuona, pole sana, mkwaruzo wa kweli huo. Muda pia nimeuona. Nimeona na taa ya cheki injini. Nimeona ya breki za ABS. Nimeona ya eabegi. Mkuu hiyo ni dashibodi au mti wa Krismasi?

Bushi Kulia

Mimi nimeona sindano ya mafuta. Imelala chini ya E, imejifunika shuka.

Mtu wa Pembeni

Hiyo ya injini ni sensa tu. Fundi wangu aliniambia nisiwe na wasiwasi.

Bushi Kulia

Alikwambia lini?

Mtu wa Pembeni

2021.

Shangazi wa Mbweni

😂😂😂 mwanangu nilikuwa upande wako.

Mtu wa Pembeni

Shangazi na wewe? Tofauti ipo. Mimi taa yangu inawaka ndani, inanisumbua mimi mwenyewe. Ya kwake inasumbua wilaya nzima. Na mimi SIJAWAHI kusugua gari la mtu kwa mate.

Mzee wa Kulanti

Hapo una pointi. Swali la mwisho nakuacha. Kwenye rejeta unaweka nini?

Mtu wa Pembeni

Maji.

Mzee wa Kulanti

Maji gani?

Mtu wa Pembeni

Ya kisima chetu nyumbani.

Mzee wa Kulanti

Ya chumvi.

Mtu wa Pembeni

Si ya chumvi sana.

Mzee wa Kulanti

Wakuu nimeliandika jambo hili humu mpaka vidole vimeota sugu. Kulanti, ile dawa ya kwenye rejeta, si rangi ya kijani ya urembo. Inachelewesha kuchemka na inazuia kutu ndani. Maji ya visima vya Dar yanaacha magadi mle ndani kama sufuria ya chai ya kwa bibi, mirija inaziba, siku unapanda mlima wa Kibamba na foleni, sindano inapanda na wewe, silinda hedi inapinda, unakuja humu kufungua uzi kwamba umerogwa na wifi.

Bwana Bajeti

Mzee umeongea. Watanzania tunapenda gari ila hatupendi sevisi. Mimi ndo maana yangu naihudumia kabla haijaharibika. Mwezi jana tu nimebadilisha taiming belti, ule mkanda wa injini, ya IST yangu, laki na themanini, orijino kutoka Japani. Sasa nalala usingizi.

Fundi Asiye na Gereji

Mkuu Bajeti. IST yako ni ya mwaka gani?

Bwana Bajeti

2004. Ile ya injini ya 1NZ.

Fundi Asiye na Gereji

Uko umekaa au umesimama?

Bwana Bajeti

Nimekaa.

Fundi Asiye na Gereji

1NZ haina taiming belti. Ina cheni. Cheni ya chuma, iko ndani ya injini, inaogelea kwenye oili. Ukiwa unabadilisha oili kwa wakati unaweza kuuza gari hujawahi kuiona. Kwenye IST yako hakuna sehemu ya kufunga mkanda huo hata ukitaka kulazimisha.

Bwana Bajeti

Fundi alinionyesha ule mkanda wa zamani. Ulikuwa umechakaa kabisa, una nyufa.

Bushi Kulia

Huo mkanda una watoto. Anautembeza kila gereji, umelipia nyumba ya vyumba vitatu.

Kijana wa Tabata

Huenda alimbadilishia wa altaneta akauita jina kubwa.

Bwana Bajeti

Na jioni alikunywa juisi akaniambia injini sasa imelainika. Na mimi nikaisikia kweli imelainika!

Chapati Mbili Maharage

Tusimcheke, mimi yangu ni kubwa zaidi. Fundi aliniambia gari linabanwa pumzi, tatizo ni masega ya kwenye eksozi, akayatoa "bure kabisa kaka, wewe nipe hela ya soda tu". Nikampa elfu tano na nikamshukuru. Miezi miwili baadaye ndo najua ndani ya masega kuna platinamu na paladiamu na rodiamu, watu wanayanunua kwa kilo. Yaani nimemlipa mwizi nauli.

Fundi Asiye na Gereji

Na bila masega ndo mlio unakuwa kama wa huyo wa kope. Wengi hawajafunga bomba la mashindano, wameibiwa tu halafu wakaamua kujivunia.

Mtu wa Pembeni

Narudi kwenye mada. Nimejaribu dawa ya mswaki.

Shangazi wa Mbweni

Eh! Ikawaje?

Mtu wa Pembeni

Imetoka nusu.

Bushi Kulia

Kwa hiyo jamaa alikuwa mtaalamu.

Mtu wa Pembeni

SIJASEMA HIVYO. Nusu iliyobaki imeingia mpaka kwenye bati.

Chapati Mbili Maharage

Kijana wa Tabata, ule muhogo unachomwa wapi? Nimekaa nao kichwani tangu saa nne.

Kijana wa Tabata

Hapo chini ya daraja kuna mama mmoja, anaanza saa 10 jioni. Ukienda na gari angalia trafiki, nilikuta mtu anaandikiwa elfu thelathini kwa kuegesha huku kashika pilipili.

Mtu wa Pembeni

Fundi Asiye na Gereji, samahani kwa kutoka nje ya mada kidogo. Ile taa ya injini kupima kwa mashine unachaji shilingi ngapi? Na ya ABS inapimwa humo humo?

Fundi Asiye na Gereji

Humo humo. Njoo PM. Ila weka mafuta kwanza, si uko sheli tangu asubuhi?

Mtu wa Pembeni

Nilikuwa nasubiri hasira ishuke.

Mzee wa Kulanti

Na kulanti, chukua lita nne hapo hapo dukani. Ukimimina maji mengine ya kisima nakuripoti kwa wasimamizi.

Bwana Bajeti

Wakuu mrejesho. Fundi kapokea simu. Anasema nimeelewa vibaya, cheni na taiming belti ni kitu kimoja, ila Wajapani wanaiita cheni. Na anasema imebaki elfu arobaini sijammalizia.