Yule bwana wa "paka juu ya kutu" leo amevuka mpaka

Msasa_80:
Wakuu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Swali la sakafu ya gari likiingia humu, yeye ndiye wa kwanza kujibu, hata liulizwe saa tisa usiku. Leo ameandika kwamba sisi tunaong'ang'ania kukwangua kutu kabla ya kupaka laina (ile rangi nzito ya kukinga bati la sakafu) ni "mafundi wa mdomo". Mafundi wa mdomo! Na kayaandika hayo chini ya video anayoonekana akimimina laina juu ya kutu. JUU YA KUTU.

Siyo ule wekundu mwepesi unaotoka kwa kusugua kidogo. Ni kutu ya magamba, ile inayobanduka kwa ukucha. Anamimina, anavuta rola, anatabasamu. Hapo nilitaka niingie ndani ya simu nimpokonye kopo.

Laina inashika kile ilichopakwa juu yake. Ukiipaka juu ya gamba imeshika gamba, na gamba lenyewe halijashika kitu. Halafu sakafu mara nyingi haiozi kwa sababu ya juu pekee. Maji yanapenya kwenye raba ya kioo cha mbele iliyokufa, kwenye tundu la kutolea maji lililoziba, au redieta ya hita inavuja, yanatuama chini ya kapeti na kuingia kwenye maungio ya bati. Ukifunika juu, unyevu ulionaswa unakula chini kwa chini na safari hii huoni kitu. Utashtuka siku kisigino kinagusa barabara gari likiwa mwendo wa themanini.

Kazi yenyewe haina uchawi. Chomoa betri, subiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, ndipo uguse plagi za eabegi zilizo chini ya viti. Usiwashe swichi plagi zikiwa nje, taa ya eabegi itawaka na itabaki ikiwaka. Toa viti, kapeti na sponji yake. Tafuta maji yanaingilia wapi na uzibe hapo kwanza. Piga kutu kwa brashi ya waya kwenye grinda hadi bati ling'ae. Penye tundu kata, chomelea bati jipya, na uchomeleaji uishe kabla ya laina, kwa sababu poliyurethani iliyo ndani ya laina ikiungua inatoa moshi wa sumu. Bati tupu msasa namba 80, rangi ya zamani iliyo imara namba 180 mpaka mng'ao wote ufe. Futa mafuta kwa vitambaa viwili, kimoja kimelowa dawa, cha pili kikavu, na cha pili kipite kabla dawa haijakauka, la sivyo unahamisha mafuta tu. Praima ya epoksi kwenye bati tupu, silanti kwenye maungio, ndipo laina, mikono miwili myembamba, yaani unapaka mara mbili.

Yote hayo yeye kayafupisha: "futa vumbi." Kisha akamimina juu ya kutu.

RolaMbili:
Umesahau lami ya kuzuia kelele, ile iliyobandikwa kwenye bati chini ya kapeti! Kwenye ile ile video, dakika chache kabla ya kutu, anapaka juu ya lami. Thina iliyo ndani ya laina inalainisha lami, lami inatoa rangi ya kahawia, na laina haishiki. Lami lazima itoke: hitgani na kikwangulio, au barafu kavu ikakamae upasue kwa nyundo.

Msasa_80:
Niliona, RolaMbili. Lami ningemsamehe. Kutu hapana.

Fundi_Kimya:
Mleta uzi, povu lote hili kwa ajili ya neno "mdomo"? Aya nne umelia, moja ya kazi. Na hiyo moja hukusema kuhusu nyuzi za bolti. Mtu akifuata maelezo yako anapaka mpaka kwenye matundu ya bolti za viti na mikanda, halafu bolti haziingii.

Msasa_80:
Kila mtu anajua kuziba nyuzi.

Fundi_Kimya:
Kumbe wewe na yeye ni ndugu! "Kila mtu anajua" ndiyo kauli yake hiyo hiyo. Basi wasiojua wasikie: ingiza bolti za zamani kwenye kila tundu lenye nyuzi. Zungushia masking tepu pale miguu ya kiti na bamba la mkanda vinapokaa, hapo pasipakwe laina nene kabisa. Bolti ikibana laina, laina inasinyaa chini yake na bolti inalegea. Huo ni mkanda wa usalama, siyo urembo. Vituo vya waya wa athi navyo vizibwe, vinataka bati tupu. Na tepu ing'olewe laina ikiwa bado mbichi. Ikikauka, inang'oka na kingo zote.

Bibi_Grinda:
Mnagombana kuhusu kutu wakati yule bwana amevaa barakoa ya vumbi! Hiyo ndiyo ilinichefua mimi. Laina za kopo mbili zina isosayaneti, kemikali kali, kwenye hadina, lile kopo la kugandishia. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Mwili ukishaanza kuikataa, pumu yake haiondoki, na baadaye hata kiasi kidogo kinakufunga kifua. Ya kopo moja nayo ina thina kali, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatuama sakafuni pale pale ulipoinamia. Milango yote wazi, barakoa ya chujio la mvuke inayokaa vizuri usoni, glovu, miwani, na moto usiwepo karibu. Kupuliza kwa bunduki ndani ya gari ndiyo hatari zaidi, kunataka barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Tumieni rola.

Msasa_80:
Sawa Bibi, ila barakoa haifuti kosa la kumimina juu ya ku...

RolaMbili:
...tu. Tumeelewa mkuu. 😂

KopoMbili:
Malalamiko yangu ni ya wanaokadiria hadina kwa macho. Laina ya Raptor ni tatu kwa moja, mililita 750 za laina kwa 250 za hadina, imeandikwa kwenye chupa! Mtu anaongeza hadina "ikauke haraka", mwingine anapunguza ibaki akiba, halafu wanakuja hapa kuuliza mbona inanata wiki nzima. Na tikiseni chupa, chenga zinalala chini. Mkono wa pili upigwe ndani ya muda ulioandikwa. Ukipita, sugua tena ndipo upake.

Fundi_Kimya:
Na wanaopaka mkono mmoja mnene kuokoa muda. Juu inafunga ngozi, thina inabaki chini, yanatoka malengelenge.

Kapeti_Nje:
Mimi nataka niwaseme wanaodai laina inazuia kelele. Haizuii! Ukitoa kapeti na lami ukaacha laina tupu, gari zima linanguruma na joto la ekzosi linapanda miguuni. Kama ni gari la familia, bandika shiti la mpira wa kuzuia mtetemo juu ya laina iliyokauka, rudisha kapeti.

RolaMbili:
Hapana, mpira unabandikwa kwanza kwenye bati lililopakwa praima, laina juu. Haushiki vizuri kwenye uso wa laina wenye chenga.

Kapeti_Nje:
Na ukitaka kuutoa baadaye? Utapasua laina yote. Rola, acha kupotosha watu.

Bibi_Grinda:
Wabaya kuliko wote ni wauzaji wanaopaka laina usiku, asubuhi gari lipo sokoni "sakafu mpya". Ukinunua, ingia chini ya gari na ugonge kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia kwa sauti kali, lililooza au lililojazwa puti linatoa sauti iliyokufa.

KopoMbili:
Sumaku je?

Bibi_Grinda:
Sumaku itakuonyesha puti nene tu. Bati lililobaki jembamba kama karatasi bado linaivuta. Gonga, na usisahau maungio ya pembeni chini ya milango.