Vipima mitetemo Bonde la Ufa: kazi au mapambo?

Kibo_Kijana: Wakuu, 2007 kule Gelai karibu na Ziwa Natron ardhi ilitikisika wee, Julai 17 likaja tetemeko la ukubwa wa 5.9, hadi Nairobi watu wakakimbia maofisini. Septemba mlima wa volkano Oldoinyo Lengai ukalipuka. Je, si tujaze vipima mitetemo bonde zima tunase hata matetemeko madogo yasiyohisiwa? Au hela ipelekwe kwingine?

Fundi_Mkanda: Kipima hakizuii ukuta kudondoka. Tetemeko la Bukoba 2016, zilizolala ni nyumba za tope zisizo na linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Watu wajifunze kujenga, waache usomi.

Mwana_Kashai: Eti usomi! Ulikuwepo? Jumamosi ile ya Septemba 10 nilikuwa nakula, sahani ikaanza kutembea mezani. Nafika uani, ukuta wa jirani umelalia banda la kuku, manyoya tu yanapepea. Na Ihungo sekondari nayo ilikuwa ya tope? Tuheshimu marehemu wetu.

Fundi_Mkanda: Marehemu sijawataja mimi. Ila ungemalizia kula, mkuu.

Shangazi_Moto: Nshomile, yaani Mhaya msomi, tetemeko likimfikia anauliza kwanza limesoma wapi 😂

Mwana_Kashai: Limesoma Ihungo, ndiyo maana lilijua pa kuanzia.

Jiwe_Kimya: Hayo madogo ndiyo yanayoonyesha ufa umepita wapi na umeshuka kina gani. La Bukoba lilitokea kama kilomita 40 chini. Bila vipima ramani utachoraje, na huyo fundi atajuaje pa kuzidisha nondo?

Mpita_Njia: Mimi najua madogo yakiwa mengi yanapunguza nguvu, kubwa haliji tena. Kama kupunguza upepo kwenye tairi.

Jiwe_Kimya: Nani kakwambia? Ukipanda namba moja ya ukubwa wa tetemeko, nishati inazidi mara 32 hivi. Kufikia moja la 5 unahitaji ya 3 kama elfu moja. Tairi lako hilo utalitoboa mpaka uzeeke.

Mpita_Njia: Haya profesa. Basi tuambie la kesho saa ngapi.

Jiwe_Kimya: Hakuna anayeweza kukwambia saa. Hata Japani hawawezi.

Fundi_Mkanda: "Huyo fundi" ana jina. Mnasema zidisha nondo, zidisha nondo, bei yake mmeuliza? Mwenye nyumba wangu juzi kanipunguzia ringi tatu, zile pete za kufunga nondo, kila nguzo, tena mbele ya macho yangu.

Mwana_Kashai: Na ukaendelea kumjengea?

Fundi_Mkanda: Watoto wangu wanakula ringi?

Kibo_Kijana: Wakuu, mada ni vipima…

Shangazi_Moto: Kijana tulia. Fundi, za milimita 12 unachukulia duka gani? Jumamosi namwaga linta.