Bodi inaogopa, maafisa miradi wanagoma: ukurasa wa shirika tutauanzishaje?

Mratibu_M

Wakuu, salaam. Naratibu mawasiliano kwenye shirika dogo lisilo la kiserikali. Tunatoa ushauri kwa familia zenye migogoro na watoto wanaoishi katika mazingira magumu. Nimependekeza tufungue ukurasa Facebook. Bodi inasema tutachafuliwa jina. Maafisa miradi wanasema ni kuwaanika walengwa. Mhasibu anauliza muda huo utalipiwa na nani. Mkurugenzi hakatai wala hakubali, kila mara ni "tutaliangalia". Wasilisho lenye takwimu za watumiaji wa mitandao limeshapelekwa na halikusogeza kitu. Naomba hatua zinazofanya kazi. Hamasa tunayo ya kutosha.

Kalamu_Kavu

Takwimu zile hazikusaidia kwa sababu hakuna aliyebisha kwamba watu wako mitandaoni. Mjumbe wa bodi anayeogopa aibu, ukimwambia wako mamilioni, umemwongezea tu idadi ya watakaomwona akiaibika.

Unachokiita upinzani ni hofu tatu, na kila moja ina mwenyewe. Usizijibu kwa pamoja kikaoni. Onana na kila mmoja peke yake kabla, nusu saa inatosha, na umuulize swali moja: jambo baya kabisa unaloliona likitokea ni lipi? Andika jibu kwa maneno yake, usiligeuze kuwa lugha ya wasilisho. Kisha tengeneza jedwali la safu nne: hofu, mwenye hofu, kinga, na nani atashughulika likitokea. Hilo ndilo uende nalo kikaoni. Mtu akikuta sentensi yake imeandikwa ilivyo na mbele yake pana kinga, anaanza kubishana na kinga, na hapo tayari mnapanga kazi.

Baada ya hapo usiombe ruhusa ya kudumu, omba jaribio la siku 90. Mtandao mmoja, lengo moja. "Kujitangaza" si lengo, maana halipimiki na mhasibu wako atalirarua. Chukua kitu kama idadi ya familia zinazopiga simu kuomba miadi. Ongeza safu kwenye daftari la mapokezi, "Umesikia wapi habari zetu?", na uanze kuijaza wiki 4 kabla ya posti ya kwanza. Ukianza kuhesabu siku ile ile ya kufungua ukurasa, mwishoni hutakuwa na cha kulinganisha, utabaki unahesabu laiki.

Masharti ya kusimamisha jaribio nayo yaandikwe: kwa mfano, picha ya mlengwa ikitoka bila ridhaa, ukurasa unasimama siku hiyo hiyo hadi chanzo kijulikane. Mkurugenzi wa "tutaliangalia" mara nyingi anachohofia ni kuweka saini kwenye jambo lisilo na mlango wa kutokea. Mpe huo mlango.

Kwa bodi, kisa cha Msalaba Mwekundu wa Marekani kina faida. Februari 2011 mfanyakazi wao alituma kwenye akaunti ya Twitter ya shirika ujumbe wake binafsi kuhusu bia. Waliufuta, wakakiri, wakatania kwamba shirika halijalewa, na kampuni ya bia iliyotajwa ikahimiza wafuasi wake wachangie. Wengi hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya ule utani. Mimi natazama chanzo: akaunti ya kazi na ya binafsi zilikuwa ndani ya programu moja. Kinga yake haina gharama: programu inayotumika kuposti kwa niaba ya shirika isiwe na akaunti ya mtu binafsi ndani yake.

Afisa_Ustawi

Niwatetee kidogo maafisa miradi. Kwa kazi mnayofanya, hofu yao ndiyo yenye uzito kuliko zote, na wanapogoma mara nyingi wana haki. Msiwashawishi. Wapeni mamlaka.

Ridhaa ya kupigwa picha na ridhaa ya picha kuchapishwa ni vitu viwili, kwa hiyo fomu iwe na visanduku tofauti: ripoti ya mfadhili, tovuti, mitandao ya kijamii. Mtu anaweza kukubali kimoja akakataa vingine. Kwa mtoto, mzazi au mlezi akiweka saini bado mtoto mwenyewe anaulizwa, na akikataa yeye, basi. Huduma isitegemee ridhaa, na hilo lisemwe kwa mdomo kabla ya fomu kutolewa, kwa sababu anayesubiri msaada si rahisi aseme hapana mbele ya anayetoa huo msaada. Ndiyo maana ridhaa haichukuliwi siku ya kwanza ya huduma, wala haichukuliwi na mshauri anayemhudumia mlengwa huyo.

Mwambieni pia ukweli ambao fomu nyingi zinauficha: akibadili mawazo mtaiondoa picha kwenye ukurasa wenu, lakini nakala zilizokwisha kuhifadhiwa na watu wengine hazirudi.

Kufunika uso hakutoshi. Mtoto hutambulika kwa nembo ya shule kwenye sweta, kwa mlango wa nyumba ulio nyuma yake, kwa nguo ambayo jirani anaijua. Kanuni ninayoipenda: uso, jina na mahali visikutane kamwe kwenye posti moja, na kwa kesi za ukatili hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Angalieni na faili lenyewe. Picha ya simu inaweza kubeba vipimo vya mahali ilipopigwa. WhatsApp huviondoa ikitumwa kama picha ya kawaida, lakini ikitumwa kama dokumenti husafiri navyo. Zimeni huduma ya mahali kwenye kamera ya simu ya kazi. Jina la faili liwe namba ya fomu ya ridhaa. Ukikuta picha isiyo na namba, haitoki.

Halafu wapeni kura ya turufu yenye saa: picha au simulizi inayomhusu mlengwa inakwenda kwa afisa wa mradi, ana saa 24. Akinyamaza, haitoki. Kwa mambo mengine, kama tangazo la saa za kazi, akinyamaza inatoka. Msipotofautisha hayo mawili, ama mtaumiza mtu ama hamtaposti chochote.

Fundi_Nywila

Kinachoua kurasa nyingi za mashirika ni umiliki, kuliko hata matusi. Mtu wa kujitolea anafungua ukurasa kwa akaunti yake, anaondoka, na ukurasa unaondoka naye ukiwa na jina na nembo yenu.

Facebook husimamia ukurasa kupitia akaunti za watu halisi. Msitengeneze akaunti ya mtu bandia yenye jina la shirika ili iwe msimamizi: ni kinyume cha kanuni zao, ikifungwa mnapoteza njia ya kuingia. Wekeni wasimamizi kamili wawili, mmoja awe wa menejimenti, na wengine wapewe majukumu madogo ya kuandika na kujibu tu. Wote wawashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na msimbo wa pili. Misimbo ya akiba, ile ya kuingilia simu ikipotea, ichapishwe kwenye karatasi, iwekwe penye kasha la nyaraka za benki. Barua pepe ya ukurasa iwe ya cheo, isiwe ya mtu. Na kwenye fomu ya kukabidhi ofisi, pale penye funguo na kompyuta, ongezeni mstari wa kuondolewa kwenye ukurasa.

Kuhusu maoni mabaya: swali lijibiwe siku hiyo ya kazi. Lalamiko lijibiwe hadharani kwa sentensi moja, kisha mazungumzo yahamie simu. Tusi lifichwe, lakini mjue kwamba maoni yaliyofichwa Facebook bado huonekana kwa aliyeandika na marafiki zake. Tuhuma ya kula fedha msiifute kabla hamjaijibu. Skrinishoti itakuwa imeshapigwa, na kufuta kutasomeka kama kukiri.

Kwenu ninyi lipo kubwa zaidi ya hayo. Mtu ataandika kwenye kisanduku cha ujumbe saa nane usiku kwamba anapigwa. Tengenezeni jibu la kiotomatiki linalosema wazi kwamba kisanduku hakisomwi usiku, likitaja namba ya dharura inayopokelewa. Pia pangeni ni mshauri gani atakayekabidhiwa ujumbe huo asubuhi, maana mtu wa mawasiliano hana mafunzo ya kuujibu. Hili lisipokuwa tayari, msifungue ujumbe kabisa.

Mratibu_M

Ahsanteni sana. Mwenyekiti wa bodi anasema atakubali iwapo kila posti itapita kwake kwanza. Nikubali?

Kalamu_Kavu

Usikubali, ila usimkatalie hivyo hivyo. Akikaa siku tatu bila kujibu, tangazo la mkutano wa kesho limekwisha kazi, na wewe utaacha kuandika. Mpe orodha ya makundi badala ya posti moja moja. Kundi la kwanza linatoka bila kuuliza: saa za kazi, mialiko, elimu ya jumla iliyokwisha kupitishwa. La pili linasainiwa na mtu mmoja ofisini: picha za shughuli, majina ya wafadhili. La tatu linafika kwake: siasa, kesi iliyo mahakamani, kifo, tuhuma dhidi ya shirika. Mwombe yeye mwenyewe aongeze mambo kwenye kundi la tatu. Ataongeza machache kuliko unavyodhani, maana kila analoongeza ni simu atakayopigiwa.

Mizania

Naongea upande wa mhasibu, kwa sababu swali lake halijajibiwa. Muda upo kwenye mshahara wa mtu, kwa hiyo semeni ni kazi gani itapungua. Posti mbili kwa wiki, pamoja na kuandika, kufuatilia ridhaa, kujibu maoni na kujaza takwimu, zipangieni jumla ya saa 4 hadi 5 za kazi kwa wiki. Ziandikwe kwenye maelezo ya kazi ya mtu aliyetajwa kwa cheo, na awepo wa kushika zamu akiwa likizo. Kazi ya "sote tutasaidiana" huishia wiki ya tatu.

Saa hizo zisipopatikana, bodi iko sahihi kukataa. Hapo fanyeni dogo: chukueni jina la shirika kwenye mitandao mikubwa, bandikeni posti moja juu yenye simu na anwani ya tovuti, zimeni ujumbe, na kila mwezi mtu atafute jina lenu aone kama kuna ukurasa feki unaochangisha fedha kwa jina hilo. Akiukuta, aupige picha ya skrini ikionyesha anwani ya ukurasa na namba ya malipo kabla ya kuripoti, kwa sababu ukishaondolewa hamtakuwa na ushahidi wa kupeleka polisi.