Mkate wa nyama ya bata mzinga: kidari au paja? Bati au trei?

JikoLaJioni: Wadau, leo nanunua nyama ya bata mzinga ya kusaga nitengeneze mkate wa nyama wa chakula cha jioni. Kuna ya kidari kitupu na kuna iliyochanganywa na paja. Halafu niokee kwenye bati la mkate au niutandaze kwenye trei? Naomba ushauri kabla sijalipa.

MwikoMpana: Mkuu, mnakula wangapi? Una muda gani tangu unapoosha mikono hadi sahani kufika mezani? Kuna asiyekula mayai, ngano au maziwa? Bila hayo tutabahatisha tu.

PajaDaima: Wakati tunasubiri majibu: chukua yenye paja. Kidari kitupu kina mafuta asilimia 1 au 2 hivi, na kikipitiliza motoni kidogo tu kinakauka na kuwa chengachenga. Yenye asilimia 7 au zaidi inakuvumilia. Sioni sababu ya kujitesa.

JikoLaJioni: Samahani. Wakubwa wawili, watoto watatu. Nina saa moja na robo. Mtoto mmoja hatumii maziwa.

MwikoMpana: Basi jibu la trei limeshapatikana. Gramu 900 kwenye bati huchukua saa nzima na zaidi, na maji yote yanayotoka yanabaki humohumo, nyama inachemka badala ya kuokwa. Kwenye trei, juu ya karatasi ya kuokea, ukiufinyanga urefu sentimita 25 na kimo kisichozidi 6, nyuzi 180 unaiva kama dakika 50. Pembeni pia panapata rangi. Maziwa badilisha na supu ya kuku isiyo na chumvi.

UyogaKwanza: PajaDaima, kidari hakina kosa, kosa ni kukiweka peke yake. Gramu 200 za uyoga, katakata ziwe ndogo kama punje za mchele, kaanga na kitunguu kimoja hadi maji yakauke kabisa kwenye kikaango, kisha *poza*. Gramu 60 za chenga za mkate laini ziloweke kwenye mililita 120 za supu kwa dakika 5 hadi ziwe uji mzito. Huo uji ndio unaoshika unyevu, yai linaunganisha tu. Mayai mawili yanatosha. Ukiongeza la tatu unapata kitu kigumu.

PajaDaima: Uyoga kwa watoto watatu? Watauchambua mezani.

UyogaKwanza: Ukikatwa hivyo hauonekani.

MkonoMwepesi: Nyote mmeruka panapoharibika zaidi: kuchanganya. Mpishi anamimina kila kitu kwenye bakuli, nyama, chumvi, kitunguu kibichi, kisha anakanda kama unga wa chapati. Chumvi na mkando huvuta protini za nyama zikashikana, ukataji unakuwa wa mpira kama soseji. Kitunguu kibichi nacho kinatoa maji ndani ya oveni, mkate unapasuka juu na dimbwi jeupe linatoka chini. Anayeona dimbwi anadhani haujaiva, anaongeza dakika 20, ndipo unakauka. Kisha lawama zote anabebeshwa bata mzinga! Changanya kwanza uji wa mkate, mayai, kitunguu kilichokaangwa, vijiko vidogo 1½ vya chumvi na pilipili manga. Nyama iingie mwisho, uigeuze kwa vidole hadi usione mistari ya uji, uache hapo. Kaanga kipande kidogo uonje chumvi kabla ya kufinyanga.

JikoLaJioni: Nitajuaje umeiva? Nikate niangalie rangi?

MwikoMpana: Rangi inadanganya. Bata mzinga anaweza kubaki na uwaridi hata akiwa ameiva. Kipimajoto katikati kabisa, nyuzi 74.

PajaDaima: Mimi natoa kwenye 71, joto linapanda lenyewe nje ya oveni.

MwikoMpana: Linaweza kupanda, linaweza lisipande, hasa mkate ukiwa mwembamba. Kuna watoto hapo. Subiri 74, kisha uache dakika 10 kabla ya kukata, la sivyo vipande vinamomonyoka.

UyogaKwanza: Na sosi ya juu? Vijiko vikubwa 6 vya sosi ya nyanya, 2 vya sukari ya kahawia, 1 cha siki. Paka dakika 15 za mwisho. Ukipaka mwanzoni sukari inaungua.

PajaDaima: Sukari vijiko viwili ni vingi, sosi yenyewe tayari ni tamu. Kimoja, na siki viwili.

MkonoMwepesi: Nakubaliana na siki. Ila nusu ya sosi ipakwe mapema bila sukari, inazuia juu kukauka.

UyogaKwanza: Halafu ile ya pili inateleza, haishiki. Mleta mada, umeshanunua nyama ipi?