Duka la gofu klabuni: nitumieje AI kuwaandikia wateja bila kuwachosha?

Kaunta_Kaskazini:

Habarini wadau. Nasimamia duka dogo la vifaa vya gofu ndani ya klabu, kanda ya kaskazini hapa Tanzania. Mali si yangu yote, sehemu kubwa ni ya mchezaji wetu wa kulipwa. Yeye anafundisha uwanjani, mimi nakaa kaunta. Wikiendi ya mashindano hatupumui. Jumatatu mpaka Alhamisi nauza vijiti vya tii, vile vya kuwekea mpira kabla ya kupiga, na maji ya chupa. Wenye hela zao wanaagiza mipira Dubai kwa ndugu na jamaa, wasio nazo wananunua ile iliyookotwa kwa makedi, vijana wanaobebea wachezaji fimbo. Sisi wenye mipira mipya kwenye boksi tunaangaliana na vumbi.

Sasa kuna kijana amekuja na huduma anaiita akili mnemba ya mauzo. Anataka nimpe namba za wanachama wote, mfumo uwe unawatumia ujumbe WhatsApp kila wiki na kujibu maswali wenyewe usiku na mchana. Mfano alionionyesha unaanza hivi: "Habari Mteja Wetu Mpendwa! Usikose OFA KABAMBE ya msimu huu!!!" Nikavuta picha jaji mstaafu wetu anaufungua ujumbe huo mezani kwake, nikaona aibu.

Kuna mtu ameshatumia haya mambo kwenye duka la gofu yakauza kweli? Niandike nini, mara ngapi, na hizo namba za wanachama nina ruhusa ya kuzitumia?

Bi_Gripu (Mombasa):

Karibu mwenzangu. Mimi niko pwani, duka letu linatazama tii ya kwanza, pale mchezo unapoanzia, na AI tunaitumia. Inauza, ila si kwa kazi hiyo aliyokuonyesha huyo kijana. Ofa ya mipira hata uiandike kwa wino wa dhahabu, Dubai watakushinda bei. Andika kuhusu kitu ambacho mtu hawezi kukiagiza Dubai.

Kwangu mimi kitu hicho ni gripu, ule mpira wa kushikia fimbo. Huku kwetu jasho, joto na hewa ya chumvi vinaila gripu mpaka inang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Mwenyewe hajui. Anaona fimbo inamgeuka mkononi, anadhani mpigo wake ndio umeharibika, anaenda kulipia somo. Watengenezaji wenyewe hushauri gripu zibadilishwe mara moja kwa mwaka, au kila baada ya raundi 40 hivi, na ni wachache sana wanaofika kwa fundi kwa wakati. Na hakuna atakayepakia fimbo zake kwenye ndege kwenda kuwekewa gripu. Ataziacha kwako, utakata zile kuukuu kwa kisu, utabandua tepu iliyoganda (hapo ndipo kucha zinapokwisha), utaweka tepu mpya ya pande mbili, utamwagia kiyeyushi, utasukuma gripu kabla haijakauka, na utaunyosha ule mstari wake uangalie katikati ya uso wa fimbo. Hiyo ni kazi ya mkono, na faida yake inabaki dukani.

Kwa hiyo nina orodha kwenye Excel: nani tulimbadilishia, lini, gripu aina gani, unene gani, tabaka ngapi za tepu chini yake, na huwa anacheza mara ngapi kwa wiki. Mwisho wa mwezi naipa AI orodha hiyo bila majina wala namba za simu, naacha namba ya mteja tu ambayo ni ya kwetu wenyewe. Naiambia: nitolee waliotimiza mwaka, wale wa kila siku uwanjani nitolee waliofika miezi sita, na kila mmoja umwandikie sentensi mbili au tatu, Kiswahili cha watu, usiweke emoji, usitaje punguzo. Inaleta kitu kama hiki:

"Shikamoo mzee. Gripu za fimbo zako za chuma tuliziweka kabla ya Pasaka ya mwaka jana. Ukituachia Jumanne, Alhamisi utazikuta tayari, Jumamosi unacheza nazo."

Mtu akisoma hivyo anajua ameandikiwa yeye. Wengi hawajibu neno. Unawaona tu Jumanne wanashusha mfuko wa fimbo kwenye gari.

Kuna safu moja kwenye hiyo orodha ambayo hakuna muuza programu atakayekuambia uiweke: mtu anaitwaje. Mzee, daktari, kapteni, dada, bosi, mama fulani. AI ukiiachia itamwita kila mtu "ndugu mteja", au imwamkie shikamoo msichana wa miaka 25. Na wapo wageni wetu ambao Kiswahili chao kinaishia "jambo", hao nimewaandikia "Kiingereza" kwenye safu hiyohiyo na mambo yanaenda.

Upande wa kujibu maswali usiku, hapo inasaidia kwelikweli, kwa sababu watu wa Jumamosi wanakumbuka mahitaji yao Ijumaa saa nne usiku. Lakini ifunge kamba. Yetu inajibu saa za kufungua, bei zilizo kwenye orodha, seti za kukodi zilizobaki na kama kitu kipo kwenye stoo. Basi. Mtu akiuliza draiva gani (fimbo ya mipigo mirefu) itamfaa, au akiomba kupunguziwa, inamwambia "nitakujibu asubuhi" na mimi naamka nijibu. Tena tumeifundisha kuuliza kabla ya kujibu. Mfano ni glavu. Mtu anaandika "nawekeeni glavu ya lefti." Anayepiga kwa mkono wa kulia huvaa glavu mkono wa kushoto, na mashoto huvaa kulia. Sasa huyu ni mashoto, au anataka ya kuvaa mkono wa kushoto? Yetu inarudisha swali: "Utaivaa mkono gani?" Viatu hali kadhalika, namba 8 ya Uingereza na namba 8 ya Marekani ni viatu viwili tofauti, na mguu uliobanwa haumalizi mashimo 18.

Mara ngapi? Mtu mmoja asipate ujumbe wa kuuza zaidi ya mmoja kwa mwezi. Kama huna la kumwambia, usimwandikie.

Handikapu24 (Nairobi):

Mimi ni mteja tu, wacha niseme upande wetu. Kuna duka moja hapa jijini lilikuwa linanitumia matangazo ya soksi kila Jumatatu. Nilibloku. Siku hizi nikitaka kitu huko lazima niingie mwenyewe, na mara nyingi siendi.

Lakini kuna meseji moja ningeifurahia na hakuna aliyewahi kunitumia. Klabu nyingi ukishinda, hata kile kizawadi cha kupiga mpira karibu na bendera, unapewa vocha ya duka. Sisi wa ridhaa hatupewi pesa taslimu kwa mashindano ya hivi, na tangu 2022 kanuni za gofu ya ridhaa zinaweka kikomo cha zawadi kuwa pauni 700 au dola 1,000. Hizo vocha ziko wapi? Zangu zimelala kwenye droo na kadi za matokeo. Nikumbushe tu, "Una vocha yako, inaisha mwisho wa mwezi huu, na saizi yako ya shati imeingia." Nitakuja, na najijua, sitatoka na shati peke yake.

Msimbo_Dar:

Nimeunganisha mifumo hii kwa maduka kadhaa, si ya gofu. Niweke sawa mambo ya kiufundi maana huyo kijana hajakuambia yote.

Ile app ya bure ya WhatsApp Business ina orodha za kutuma kwa pamoja, mwisho watu 256 kwa orodha moja, na ujumbe unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa klabu ya kawaida hiyo inatosha kabisa kuanzia. Ukitaka mfumo ujibu wenyewe na kutuma wenyewe, unahamia kwenye ile API ya kulipia, yaani njia ya kuunganisha WhatsApp na mfumo wako. Huko ujumbe unaouanzisha wewe lazima uwe kiolezo, yaani ujumbe ulioandaliwa mapema, kilichopitishwa na Meta wenye WhatsApp, na tangu Julai 2025 wanatoza kwa kila kiolezo kinachofika. Ujumbe wa matangazo kwa kawaida unalipiwa. Lakini mteja akikuandikia yeye kwanza, una saa 24 za kumjibu kwa maneno yako mwenyewe bila kutozwa na Meta. Kwa hiyo kibiashara ni bora mteja aanze. Bandika QR ya WhatsApp kaunta, na nyingine pale makedi wanapofutia fimbo.

Kuhusu namba za wanachama, usimpe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, na ina Tume yake. Kenya wana yao ya 2019. Mwanachama aliipa klabu namba yake kwa ajili ya uanachama, hakuitoa ili duka limtangazie glavu, na hakika hakuitoa kwa kijana mwenye laptop. Omba ridhaa upya, mmoja mmoja, na kila ujumbe uwe na njia ya kujitoa: "Andika ACHA." Anayeandika ACHA atoke siku hiyohiyo.

Kaunta_Kaskazini:

Asanteni sana, nimepata mwanga. Bi Gripu, shida yangu ni kwamba sina hiyo orodha. Nina boksi la viatu limejaa risiti za mkono, za miaka. Halafu nahodha wa klabu ananiambia niweke tu matangazo kwenye grupu la wanachama, wote wako humo. Na gripu tunaweka, ila kiyeyushi cha dukani kinanimaliza kwa bei.

Bi_Gripu (Mombasa):

Risiti zipige picha, AI inasoma mwandiko vizuri kuliko unavyodhani, ila tarehe na bei zipitie mwenyewe, hasa 1 na 7. Usihangaike na za miaka yote, chukua za mwaka huu tu. Zilizobaki utazijaza Jumamosi watu wakisubiri zamu yao ya kuanza. Muulize mtu, "Gripu zako ziliwekwa lini?" Atatoa fimbo kwenye mfuko wake azitazame, na nusu yao hawataondoka bila kukuachia angalau ya draiva. Papo hapo muombe na ruhusa ya kumwandikia.

Grupu mwachie nahodha na ratiba zake. Ukitangaza mle, wa kwanza kukujibu atakuwa yule anayeuza seti yake kuukuu kwa bei ya chini yako, tena mbele ya watu wote.

Vocha za huyo kaka wa Nairobi nimezichukua, nazitoa kwenye daftari la zawadi leo jioni.

Kiyeyushi, sisi tunatumia tapentaini ya mafundi rangi, kidogo tu, halafu gripu zinalala usiku mzima kabla hatujamkabidhi mtu. Petroli usithubutu, hata kama fundi wa gereji atakuambia anaitumia. Na fungua dirisha.