Mabaharia waliozamishwa pwani ya Marekani mwaka 1942: nani abebe lawama?

MLETA MADA: Wadau, msimamo wangu ni huu. Lawama kubwa ni ya Admirali Ernest King, aliyeongoza manowari za Marekani. Admirali Dönitz, mkuu wa nyambizi za Ujerumani, alituma 5 tu kwa pigo la kwanza, na Waingereza waliokuwa wakizifuatilia waliionya Washington mapema. Usiku wa kuamkia 14 Januari, nyambizi U-123 ya nahodha Reinhard Hardegen ikaizamisha meli ya mafuta Norness karibu na Long Island. Usiku uliofuata, Coimbra. Meli zilipita moja moja bila ulinzi, huku taa za miji zikiwaka nyuma yake na kumwonyesha adui pa kulenga. Dawa ilijulikana tangu 1917: misafara inayosindikizwa na manowari. King akachelewa hadi Mei.

MCHANGIAJI 1: Mkuu, unamwonea. Manowari zake zilikuwa zinasindikiza wanajeshi kuvuka Atlantiki, na baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, Pasifiki nayo ilizidai. Aliona msafara wenye ulinzi hafifu ni hatari kuliko meli kwenda peke yake. Tazama yaliyowapata watu wetu. Khedive Ismail ilitoka Kilindini Februari 1944 imebeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, ikiwa ndani ya msafara wenye manowari. Nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga, ikazama ndani ya dakika chache. Walikufa zaidi ya watu 1,200. Msafara uliwafaa nini?

MCHANGIAJI 2: Na wenye hoteli za ufukweni je? Walipinga kuzima taa wasije wakakosa watalii. 10 Aprili Hardegen akaipiga meli ya mafuta Gulfamerica mbele ya Jacksonville Beach, Florida, watu wakitazama kutoka mchangani. Amri ya kuzima taa za ufukweni ikatoka 18 Aprili. Hao nao wana sehemu yao.

MLETA MADA: Wana sehemu, ndiyo, lakini mfanyabiashara hapangi ulinzi wa bahari. Miezi yote ile jeshi lilingoja nini kutoa amri?

Khedive Ismail inaniuma kama inavyokuuma wewe. Ila maliza habari yenyewe: meli nyingine 4 za askari kwenye msafara ule zilifika, na I-27 ikazamishwa siku hiyohiyo na manowari za Uingereza, Paladin na Petard. Mbele ya pwani ya Marekani, nyambizi ya kwanza kuzamishwa ni U-85, tarehe 14 Aprili, miezi 3 baada ya Norness. Uingereza, iliyokuwa na uhaba mkubwa kuliko Marekani, ilipeleka kule meli 24 za uvuvi zilizofungwa silaha. Moja, Bedfordshire, ilizamishwa Mei karibu na Ocracoke, North Carolina, na wote waliokuwamo wakafa.

Misafara ilipoanza katikati ya Mei, mawindo yakawa magumu, na Julai Dönitz akaziondoa nyambizi zake huko. Anayemtetea King anijibu: kwa nini hata misafara michache ya meli za mafuta haikujaribiwa Februari?