Kichefuchefu kwenye gemu za risasi

kijana_wa_sebuleni: Wakuu, naomba msaada. Nacheza Half-Life 2 ya 2004 kwenye kompyuta ya bro. Nikishika ile boti ya mfereji tu, jasho jembamba linanitoka, mate yanajaa mdomoni. Mpira wa FIFA nakesha nao freshi! Tatizo macho?

fundi_pc: Pole mkuu. Macho yanauambia ubongo unakimbia, sikio la ndani linasema umekaa kitini. Tumbo ndilo linaloumia. Kwenye mpira kamera iko juu, mbali, haigeukigeuki. Nenda kwenye mipangilio, upeo wa kuona (upana wa eneo unaloliona kwenye skrini, kwa nyuzi) utoe 75 uweke 90. Zima na ule ukungu wa picha ukigeuka.

mama_wawili: Sogeza kiti nyuma, washa taa. Miayo ikianza, zima hapo hapo, usijikaze kiume. Wangu alijikaza, zulia nikafua mimi.

kijana_wa_sebuleni: Hahaha, shikamoo mama! Nimeweka 90, kutembea kwa miguu sasa naenda vizuri. Boti bado inanichapa, lakini nikikazia macho mbele badala ya kugeuzageuza mausi, afadhali.

fundi_pc: Sehemu hiyo ya boti ni ndefu, mkuu. Sevu mara kwa mara, upumzike.